Mgongo wa Mwalimu Uozumi

Kwa miaka arobaini na mmoja Mwalimu Uozumi Gonpei alikuwa na mgongo mbovu, na katika miaka yote hiyo mgongo huo haukumuuma hata siku moja.

Mtaa mzima wa maduka, kule Amagasaki, ulikuwa na habari. Ulipofika msimu wa kupelekeana zawadi, katikati ya mwaka na mwishoni, nyumba nyingine zilipokea bia, sabuni, mafuta ya kupikia na tambi kavu zilizofungwa vizuri. Nyumba ya Uozumi ilipokea dawa ya kuchua. Ya kopo, ya chupa, ya tyubu, ya plasta zinazonuka kafuri. Aliipokea kwa kutikisa kidevu kidogo, kama kuku anayeteremsha maji kooni, kwa kuwa mgongo haukumruhusu kuinama. Kisha akapanda ngazi hadi kwenye ukumbi wake, juu ya chumba cha tanuri la bafu la umma, akawaonyesha wanafunzi namna ya kumpiga mtu teke la sikio. Hakuna aliyeuliza. Kwenye harusi ya binti yake Nao, wazazi wa upande wa pili waliinama mpaka pua zikakaribia supu, yeye akabaki wima kama nguzo ya simu, na mkewe Fusae akawanong'oneza kwa uso wa msiba kwamba ni mgongo. Wiki iliyofuata wakwe wakaleta dawa ya kuchua.

Mgongo ulikuwa uongo, na uongo wenyewe ulizaliwa katika sekunde kumi na moja za mwaka wa sitini na sita.

Wakati huo Uozumi alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mchana alipakia vyuma, jioni alicheza karate katika ukumbi wa Mwalimu Mukunoki Heisaku, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ukutani mwa ukumbi ule, kama ilivyo katika kumbi zote za namna hiyo, vilining'inia vibao vya majina, kimoja kwa kila mwanafunzi, vimepangwa kwa cheo kutoka kulia kwenda kushoto. Mukunoki aliviandika mwenyewe kwa brashi na wino, na hakuandika jina la mtu kabla hajamfundisha miaka mitatu na kumkatia tamaa angalau mara mbili. Kibao cha Uozumi kilikuwa cha tano. Alipofika mazoezini alikitazama kabla ya kuvua viatu, kuhakikisha kwamba bado yeye ni yeye.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka Osaka, amevaa viatu vyeupe, akitafuta watu wa karate kwa ajili ya mchezo mpya. Ngumi ndani ya glovu, mateke ya miguu mitupu, ulingo wenye kamba, televisheni, na wapinzani kutoka Thailand. Waliouanzisha waliupa jina la kizungu, kickboxing, ili Mjapani asiseme ni mchezo wa Wathai na Mthai asiseme ni wa Wajapani. Wathai hawakudanganyika, ila walikuwa wastaarabu, wakaja.

Mukunoki alipoambiwa hakupandisha sauti. Alimwambia Uozumi kwamba akipita kwenye kamba zile, kibao kitashushwa. Akitaka kirudi, njia ni moja: aje apige magoti mbele yake na ainame mpaka paji liguse sakafu. Uozumi alienda zake moyo mweupe. Kuinama ndiko alikokuweza kuliko vyote. Mateke yake yalikuwa ya wastani na ngumi zake zilikuwa za nia njema, lakini katika wilaya nzima hakukuwa na mtu aliyeinama kwa usahihi kama yeye.

Pambano lilirushwa Jumamosi saa mbili usiku, na mtaa mzima ulikusanyika mbele ya kioo cha duka la redio. Mpinzani aliitwa Prasong, kijana mwembamba mwenye uso wa karani. Kabla ya kengele Prasong aliuzunguka ulingo akicheza polepole kwa kuwaheshimu walimu wake, akapiga magoti, akainuka, akapunga mikono, akapiga magoti tena. Ilichukua dakika nne na ilikuwa nzuri mno. Uozumi, ambaye alikuwa ameinama mara moja tu, tena kwa haraka, alisimama kwenye kona yake akijiona kama mtu aliyealikwa karamuni akaja mikono mitupu na kumbe wenzake wote wamebeba vifurushi. Aibu ilimpanda kutoka vidoleni. Kengele ikalia. Prasong akaja katikati ameinua glovu zote mbili. Uozumi akafikiri: huyu bado anasalimu. Basi akakusanya visigino, akanyoosha mgongo, akaweka mikono kwenye mapaja, akainama. Ilikuwa heshima kamili, ya mtu anayeomba radhi kwa upungufu wa heshima ya kwanza.

Prasong aliona kichwa cha binadamu kinateremka, kwa hiari yake, mpaka usawa wa paja lake. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa imemfuata alipo.

Sekunde kumi na moja, yaliandika magazeti. Uozumi mwenyewe, kila alipokisimulia kisa hiki ndani ya maji ya moto ya bafu la umma, alisisitiza kwamba magazeti yaliongeza chumvi. Pambano lilidumu sekunde moja. Zile kumi zilikuwa za mwamuzi kuhesabu.

Baadaye Prasong alikuja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kwa kupitia mkalimani akauliza kwa adabu ile ilikuwa mbinu gani, kwa sababu hakuwahi kuiona. Uozumi, taya limevimba kama embe, alijibu kwamba ni mbinu ya siri ya Amagasaki. Prasong akatikisa kichwa, akasema ibaki siri.

Uozumi alirudi nyumbani akakuta jina jipya limeshamtangulia. Walimwita Karibu Dukani, kwa vile aliinama kama wale wasichana wa maduka makubwa wanaopokea wateja kwenye lifti. Yeye alicheka kabla yao. Aliona mapema kwamba mtu akijicheka wa kwanza, wenzake hucheka kwa sauti ya chini zaidi. Kucheka kulimwendea vizuri. Kuinama ndiko kulikomshinda. Alipokishusha kichwa mbele ya mtu yeyote, hata muuza samaki, palikuwa na mlevi au mtoto nyuma ya pipa aliyeanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Siku moja mke wa muuza nyama alimwinamia, na yeye shingo ikakataa kabisa kuteremka, na ili asionekane hana adabu akasema aliumia mgongo ulingoni. Mama yule akasikitika. Jioni akatuma kopo la dawa, la kwanza.

Baada ya hapo alipigana mara kumi na nane zaidi, bila kuinama hata mara moja. Kwa jumla alishinda saba, akashindwa kumi na moja, na akatoka sare moja kwa sababu umeme ulikatika. Alifungua ukumbi wake juu ya tanuri la bafu, mahali ambapo mfuko wa mchanga haukuganda hata Februari, na mabingwa wawili wa mkoa walitokea humo, ingawa mmoja alitokea kwa kuhamia ukumbi mwingine. Chama cha mchezo kilimpa hati inayosema yeye ni mwanzilishi. Uozumi aliitafsiri hati hiyo kwa wanafunzi wake. Mwanzilishi, alisema, ni mtu aliyepigwa wakati wengine bado wanasoma sheria.

Lakini hati ilikuwa imepigwa chapa na mashine. Kitu pekee duniani chenye jina lake lililoandikwa kwa mkono wa mtu aliyemfundisha kilikuwa kile kibao, na hakujua kiko wapi.

Kwa hiyo kila Januari alienda kukifuata. Alivaa koti zuri, akavuka reli, akapita kituo cha zimamoto, akafika kwenye kona ya duka la mboga za kuchachusha, hatua ishirini kutoka lango la Mukunoki. Hapo alisimama. Alijiona amepiga magoti, alisikia mtu anahesabu, na alijua kwamba shingo itakataa, na Mukunoki atamwona hana adabu juu ya kuwa hana akili. Akaingia dukani, akanunua figili za kuchachusha, akarudi nyumbani. Muuzaji alimzoea. Akishamwona nje ya kioo hufunga kilo moja. Fusae hali figili.

*

Katika Januari ya mwaka ule aliotimiza sabini, kati ya kadi za mwaka mpya kulikuwa na moja kutoka kwa Setsuko, mke wa marehemu mtoto wa Mukunoki. Ilisema ukumbi utavunjwa uwe maegesho ya magari. Tarehe kumi na tano, saa nane mchana, watavunja keki ya mchele ya mwaka mpya kwa mara ya mwisho, na wanafunzi wote warudishiwe vibao vyao. Vitakavyobaki bila mwenyewe vitachomwa hekaluni jioni ile ile, pamoja na mapambo ya mwaka mpya. Chini, kwa kalamu, Setsuko aliongeza: "Baba mkwe yupo, ana miaka tisini na tano. Kuhusu kibao chako, Mwalimu, kwenye orodha yangu hakimo. Uje umuulize mwenyewe."

Uozumi aliisoma kadi mara tatu. Halafu akaenda kuoga.

Bafu lilikuwa mali ya Itani, rafiki yake tangu shule, mtu mnene aliyekaa kwenye kiti kirefu cha mlangoni akiwaona wanaume upande huu na kusikia wanawake upande ule, maana ukuta wa katikati haukufika darini. Siku ile Itani alimwachia mkewe kiti, akaingia majini.

"Mwaka huu unaenda," alisema, "au unatuletea figili?"

"Nafikiria."

"Fikiria, bwana. Una mpaka tarehe kumi na tano. Baada ya hapo utakuwa unawainamia Toyota."

Mtu wa kwenye maji ya baridi akacheka. Uozumi naye akacheka, mapema kidogo kuliko yule. Akasema tatizo si miguu, tatizo ni shingo. Amefika umri huu na shingo yake bado iko ulingoni, inamngoja Mthai. Itani akajimwagia maji kichwani, akasema Mthai wa watu ana wajukuu wanane na anafuga bata, kila mwaka anatuma kadi. Mtu aliyesimama kwenye kona ya duka la figili miaka arobaini si Mthai.

"Punguzeni sauti huko," ilisikika sauti ya Fusae kutoka juu ya ukuta. "Na wewe Baba Nao, mwaka huu peleka shingo. Mezani kwangu figili sitaki."

Upande wa wanawake wakacheka wote. Uozumi akazama mpaka puani, mahali ambapo mtu halazimiki kujibu.

Kuanzia siku iliyofuata alifanya mazoezi. Alifanya kwa siri, kwenye ukumbi wake, saa kumi na moja alfajiri, kabla tanuri halijawashwa. Alipiga magoti mbele ya mfuko wa mchanga akauinamia. Siku ya kwanza aliteremka kiasi cha kiganja kimoja. Siku ya nne alifika nusu. Mfuko ulimvumilia. Siku ya tisa alifika mpaka kwenye mkeka, na alipoinuka alijiambia kwamba bingwa wa zamani wa kuinama amerudi, na kwamba huenda ndiye mwanamume pekee nchini Japani mwenye miaka sabini anayejifunza kusalimia.

*

Tarehe kumi na tano ilikuwa na baridi kavu. Alivaa koti zuri, akavuka reli, akapita kituo cha zimamoto, akafika kwenye kona. Muuzaji alimwona, akafunga kilo moja. Uozumi alisimama. Ukumbini zilisikika sauti za wazee wanaojifanya vijana, na nyundo ya mbao ikigonga keki ya mchele iliyokauka. Alijaribu kwenda moja kwa moja, miguu ikageukia dukani. Akaingia, akalipa, akachukua figili, na kwa kuwa sasa alikuwa amebeba kitu mkononi, hakujisikia tena kama mtu aliyekuja mikono mitupu. Alishangaa ilivyo rahisi. Miaka arobaini alinunua zile figili akarudi nazo nyumbani, na hakuwahi kufikiri kwamba zingeweza kwenda upande mwingine.

Hatua zilikuwa ishirini na tatu. Alikuwa amekosea hata hilo.

Ukumbini walikuwepo watu kama ishirini, wengi wenye magongo, wakinywa supu tamu ya maharage yenye vipande vya keki. Walimtambua. Mmoja alifungua mdomo kama anayetaka kusema moja, mbili, akajikohoza badala yake. Uozumi alitazama ukuta. Vibao vilikuwa vyote mahali pake, vimekuwa vyeusi kama chai. Kutoka kulia: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kwenye msumari wa tano kilining'inia kibao cha kupigia nzi.

"Hicho kimekuwa hapo tangu nilipoolewa," alisema Setsuko, aliyekuja na trei. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amefunga mikono ya nguo kwa kamba. "Walitaka kusogeza majina kujaza pengo, Baba akakataa. Msumari haukai bure, wakaona waning'inize kitu. Pita ndani. Yuko chumbani, huku baridi kwake. Mieleka imeanza, kwa hiyo usiongee sana."

Chumba kilikuwa cha mikeka sita. Mukunoki alikaa miguu imeingia chini ya meza yenye moto na blanketi, amekuwa mdogo kama kibeti, masikio makubwa, macho kwenye televisheni. Kulikuwa na wanamieleka wawili wanene wakitupa chumvi. Hakugeuka.

Uozumi aliweka figili chini. Akapiga magoti. Akasema maneno aliyokuwa ameyatayarisha tangu mwaka wa sitini na saba, ambayo yalikuwa marefu na yenye sehemu tatu, na akasahau sehemu ya pili. Kisha akaweka viganja kwenye mkeka, akakishusha kichwa.

Kilishuka. Kilipita kiganja, kikapita nusu, na hakuna aliyehesabu. Paji likagusa mkeka. Uozumi alivuta pumzi iliyonuka majani makavu, akasikia furaha ndogo ya aibu, na sekunde hiyo hiyo akasikia kitu kiunoni kinasema *kak*, kama mtu aliyevunja kijiti.

Alijaribu kuinuka. Hakuinuka.

Wanamieleka walipambana, wakamaliza. Wengine wakaingia, wakatupa chumvi. Mukunoki akageuka, akamtazama mwanafunzi wake amelala kifudifudi kwenye heshima kamili.

"Inatosha," alisema. "Inuka."

Uozumi alibaki vile vile. Alikuwa anafikiria namna ya kulisema.

"Nimesema inatosha. Nimeona." Sauti ya mzee ikalainika, jambo ambalo Uozumi hakuwahi kulisikia katika miaka minane ya mafunzo. "Sikutegemea uje kwa moyo kiasi hiki."

"Mwalimu," Uozumi aliuambia mkeka, "si moyo. Ni mgongo."

Mukunoki akamwita Setsuko, kwa sauti ile ile ya mlango, aje aone, Gonpei amekwama.

Na ni katika kungoja hapo, shavu kwenye mkeka, jicho moja likitazama chini ya kila kitu chumbani, ndipo Uozumi alipoona miguu minne ya meza ya televisheni. Mitatu ilikuwa sawa. Wa nne ulikuwa mfupi, kwa sababu sakafu ya kona ile imedidimia, na chini yake kilikuwa kimewekwa kipande cha ubao. Upande wa ubao ulioelekea kwake ulikuwa na wino. Mtu aliyesimama asingeuona, wala aliyeketi. Aliusoma kutoka juu kwenda chini. Herufi za mwisho zilikuwa zimebanwa kidogo na mguu wa meza, lakini alijua zinavyomalizikia.

"Mwalimu," alisema, "hicho ni mimi?"

"Nini?"

"Chini ya televisheni."

Mukunoki alirudisha macho kwenye pambano lililokuwa likiendelea.

"Siku ile ya Karibu Dukani," alisema, "nilikuwa nimekishusha kibao mchana, nimekiweka mezani nikichome. Jioni tukawasha televisheni. Ilikuwa inayumba, wewe mwenyewe unaonekana umepinda. Mke wangu akachukua kitu kilichokuwa karibu."

"Miaka arobaini na mmoja?"

"Televisheni zimebadilika nne. Meza ni ile ile. Ningekitoa, nisingekuona vizuri. Nimetazama yote kumi na tisa. Kumi na nane, ukitoa ile ya umeme."

Uozumi alikuwa na mkeka machoni, na macho yenyewe yalikuwa yameanza kufanya mambo yao.

"Ile ya kwanza," mzee aliendelea, "mgongo ulikuwa umenyooka vizuri sana. Pembe sawasawa, mikono mahali pake. Nilimwambia marehemu mke wangu, angalau inaonekana mtoto huyu ana mwalimu. Basi nikakungoja uje. Nilidhani utakuja wiki ile ile." Akakiona kifurushi sakafuni. "Na haya ni nini?"

"Figili, Mwalimu."

"Za dukani pale? Nzuri. Mbona hukuleta mapema?"

Setsuko alileta wazee wawili kutoka ukumbini. Mmoja aliinua kona ya meza ya televisheni, mwingine akachomoa kibao. Kilikuwa cheupe kuliko vingine vyote, kama kilichoandikwa jana, isipokuwa alama ya mviringo ya mguu kwenye herufi ya mwisho. Setsuko akafuta vumbi kwa aproni, akaenda ukumbini, akashusha kibao cha kupigia nzi, akaning'iniza jina kwenye msumari wa tano. Kilikaa hapo dakika ishirini, muda wa watu kumaliza supu. Uozumi alikitazama akiwa amepinda mlangoni, ameshikwa kwapa huku na huku, kutoka chini kwenda juu, namna ambayo mtu hutazama vitu vikubwa. Kisha majina yakaitwa kwa cheo na kila mmoja akapewa lake. La tano lilipoitwa, Uozumi hakuhitaji kuinama. Alikuwa ameinama tayari.

Chumbani Mukunoki alisikika akilalamika kwamba wanamieleka wote wanaangukia upande mmoja. Setsuko akaingiza pakiti ya figili chini ya mguu wa meza, na mzee akanyamaza.

*

Itani alipigiwa simu, akaja na mkokoteni wa kubebea kuni za tanuri. Uozumi aliukataa. Alisema amekwenda kwa miguu yake, atarudi kwa miguu yake, hata kama macho yatakuwa yanaangalia miguu hiyo njia nzima. Wakaondoka hivyo, Itani akisukuma mkokoteni mtupu, Uozumi kando yake amekunjika kiunoni kwa pembe ya kuridhisha sana, kibao ndani ya koti, kikimgusa kifua kila hatua.

Walipita kituo cha zimamoto. Kijana aliyekuwa akiosha gari aliona mzee anamwinamia, akaacha mpira wa maji, akainama. Walivuka reli. Mlinzi wa reli akainama. Kisha wakaingia mtaa wa maduka, ambao kwa miaka arobaini na mmoja ulikuwa umepokea kutoka kwa Mwalimu Uozumi kidevu tu, na sasa ulimwona anakuja ameinama tangu mwanzo wa mtaa, bila kuinuka, duka baada ya duka. Muuza samaki akafuta mikono, akainama. Muuza viatu akatoka nje, akainama. Mama wa duka la nyama, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na tano, alishikilia mlango akainama polepole mpaka mwisho, na akakaa huko, maana kwa adabu ya pale mtu huinuka baada ya mwenzake kuinuka.

"Itani," alisema Uozumi, "mwambie mama yule ainuke. Atakwama."

"Mwambie mwenyewe. Ndiye anayekusalimu."

"Mama," Uozumi aliiambia lami, "ni mgongo tu."

"Najua, mwanangu," alijibu mama yule kutoka chini. "Dawa uliipata?"

Nyuma ya rundo la makreti mtoto fulani alianza kuhesabu, moja, mbili, kwa kuwa mambo mengine mtaani hurithiwa. Alifika kumi, akaona mzee bado anatembea, akaacha.

Fusae alikuwa mlangoni. Alikuwa ameolewa na mtu huyu mwaka wa sitini na nane, katika harusi ambayo bwana harusi hakuinama mbele ya miungu, wala ya wazazi, wala yake. Alimtazama akija. Itani akaeleza kwa kirefu. Fusae alimwondolea mumewe koti, akakuta kibao, akakisoma, akakiegemeza kwenye sufuria ya wali mahali pa kukiona. Akamlaza kifudifudi. Kisha akafungua kabati.

Zilikuwa rafu tatu za dawa ya kuchua. Alianza na za juu, zilizokaribia kupita muda wake, na akatafuta miwani ili asome maelekezo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasoma.

"Baba Nao," alisema, "unauma kweli?"

"Unauma kweli."

"Afadhali," alisema Fusae, akafungua kopo la kwanza.